Nyoka Akitaga, Mwangalie Mama

Nyoka wa mahindi asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Anapatikana kuanzia New Jersey hadi ncha ya Florida, na mashambani hupenda kukaa karibu na maghala ya nafaka kwa sababu panya wako huko. Hana sumu; huua windo lake kwa kulibana. Wengi hufikia urefu wa mita moja hadi moja na nusu, wana rangi ya chungwa yenye mabaka mekundu, na ni wapole. Ndiyo maana amekuwa miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Marekani na Ulaya, na familia za Waswahili zilizohamia huko nazo zinamfuga: kijana kamleta kutoka dukani, wazazi wamenuna wiki kadhaa, hatimaye nyumba nzima imemzoea.

Kisha siku moja kifuniko kinafunguliwa na kuna mayai ambayo hakuna aliyeyatarajia. Simu zinapigwa, jamaa wanaulizwa, kila mmoja ana la kusema, na sehemu kubwa ya yanayosemwa si kweli. Nimechukua yale yanayorudiwa zaidi ili niyajibu moja baada ya jingine, kwa sababu baadhi yake yanaua. Karibu yote yana kasoro ileile: yanatazama mayai, wakati aliye hatarini ni aliyeyataga.

"Hawezi kuwa ametaga, maana hana dume"

Anaweza, na hutokea mara nyingi. Kuku wa mayai wa kisasa haoni jogoo tangu atotolewe hadi auzwe, na trei zinajaa kila siku. Nyoka jike wa mahindi akishakomaa, kwa kawaida katika mwaka wa pili au wa tatu, mwili wake unaweza kutengeneza mayai awe amepandwa au hajapandwa. Miezi ya baridi ikipita, joto likipanda, mchana ukirefuka na chakula kikiwa cha kutosha, viini vya mayai huanza kukua tumboni.

Hata hivyo, asiwepo mtu wa kukuhakikishia kwamba mayai hayo hayana mbegu eti kwa kuwa hujawahi kuona dume. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: wafugaji wengi huweka nyoka wawili katika kizimba kimoja wakiamini ni majike wawili, kumbe sivyo. Jinsia ya nyoka mchanga haionekani kwa macho; inahitaji mtu mwenye ujuzi, na maduka mengi huuza bila kupima. Naliona hilo kuwa ni kosa la muuzaji, lakini gharama yake inamwangukia mnyama.

Sababu ya pili ni kwamba nyoka jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwake kwa muda mrefu. Jike wa mahindi aliyepandwa mara moja anaweza kutaga mara mbili katika msimu mmoja kwa mbegu zilezile. Mwaka 2011 watafiti Warren Booth na Gordon Schuett walieleza habari za nyoka mmoja wa Marekani, wa jamii ya wale wenye njuga mkiani, aliyezaa baada ya kukaa angalau miaka 5 bila kukutana na dume. Kwa hiyo nyoka uliyemnunua akiwa mtu mzima anaweza kuja kwako na mbegu alizozipata kwa mwenyewe wa zamani.

Ya tatu ni nadra, ila ipo: baadhi ya nyoka huzaa bila dume kabisa. Mwaka 2012 Booth na wenzake walionyesha kwamba jambo hilo hutokea hata porini, kwa aina mbili za nyoka wa sumu wa Amerika Kaskazini. Hili lisiwe jibu la kwanza kulikimbilia. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi neno "haiwezekani" lisivyofaa hapa.

Madhara ya dai hili huanza kabla ya yai la kwanza kutoka. Dalili zilikuwepo: theluthi ya mwisho ya mwili imenenepa, amekataa chakula wiki kadhaa, amejivua gamba, kisha anahangaika usiku kucha akisukuma pembe za kizimba. Kwa nyoka wa mahindi, gamba hilo hutangulia mayai kwa takribani siku 10 hadi 14, na ndilo tangazo la wazi kuliko yote. Lakini kwa kuwa "hana dume", hakuna anayemwekea sanduku la kutagia. Jike asiyepata mahali penye giza, unyevu na nafasi ya kujikunja anaweza kuyazuia mayai tumboni. Mwingine huyataga ndani ya bakuli la maji kwa sababu ndilo lenye unyevu pekee analolijua, na mayai ya nyoka yakizama hufa.

"Kama hayana mbegu, basi hayamdhuru"

Mwili wa mama hauna habari kwamba kazi yake haitaleta mtoto. Viini vimejazwa kwa mafuta na protini zake, maji yametoka kwake, na misuli yake imefanya kazi ileile ya kusukuma. Utagaji mmoja wa nyoka wa mahindi mara nyingi ni mayai 10 hadi 25. Jike anaweza kupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake, wakati mwingine zaidi. Ukimwona baada ya hapo utadhani ni mnyama mwingine: ngozi imelegea ubavuni, uti wa mgongo umechomoza, mwili umekuwa wa pembetatu badala ya mviringo.

Mayai yasiyo na mbegu huwa ya manjano, madogo, magumu kama nta, na mara nyingi yana maumbo yasiyo sawa. Yanaweza kukwama kama mengine yoyote. Kwa hiyo swali la mbegu tuliache pembeni kwanza. Kazi ya saa ya kwanza ni hii: mpime mama kwa mizani ya jikoni na uandike uzito, mpe maji safi, hesabu mayai, kisha mtazame mwili wake kutoka katikati hadi mkiani kama kuna uvimbe uliobaki.

"Yai likikwama, lisukume taratibu kwa vidole"

Ningependa dai hili lisitamkwe tena mbele ya mtu mwenye nyoka. Linasemwa kwa nia njema, na mara nyingine anayelisema ameshuhudia yai likitoka hivyo. Hakushuhudia yale mengine.

Mrija wa mayai wa nyoka ni mwembamba, ukuta wake ni laini, na yai lililokwama mara nyingi limegandamana nao. Ukilisukuma kutoka nje, moja kati ya mambo matatu linaweza kutokea. Yai linaweza kupasuka ndani na yaliyomo yakamwagika. Mrija unaweza kuchanika. Au unaweza kutoka nje kupitia tundu la nyuma pamoja na yai, ukaning'inia ukikauka. Kila moja katika hayo hugeuza tatizo lililokuwa na tiba kuwa dharura ya upasuaji, na kwa mnyama ambaye tayari amechoka na amekaukiwa maji, mara nyingi ni kifo.

Utajuaje kwamba yai limekwama? Nyoka wa mahindi mwenye afya kwa kawaida humaliza kutaga ndani ya siku moja. Yai hutoka, anapumzika, jingine linafuata. Akisimama huku uvimbe bado unaonekana, na saa 24 zikapita bila yai jingine, piga simu kwa daktari. Zikifika 48, asiwe bado nyumbani. Kuna dalili nyingine zisizohitaji saa: anasukuma bila kutoa kitu, mkia umeinuka na haushuki, kuna damu au nyama nyekundu inayoonekana kwenye tundu, au amelegea kiasi kwamba ukimshika hakushiki. Hizo ni za kumpeleka sasa hivi.

Daktari mwenye uzoefu wa reptilia ataanza kwa kumpiga picha. Magamba ya mayai ya nyoka yana madini machache, kwa hiyo eksirei haionyeshi vizuri kila mara na ultrasaundi husaidia. Atamrudishia maji mwilini na joto linalofaa, na pengine atamchoma dawa ya kuamsha misuli, oksitosini. Hapa ni vyema mtu asijipe matumaini makubwa: dawa hiyo huwasaidia kobe na kasa zaidi kuliko nyoka, na kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyozidi kushindwa. Hatua inayofuata inaweza kuwa kulifyonza yai kwa sindano ili lisinyae, au kumfanyia upasuaji chini ya dawa ya usingizi. Nyoka wengi hupona upasuaji huo wakifikishwa mapema.

Kuna jambo moja unaloweza kulifanya nyumbani wakati unasubiri miadi. Mweke kwenye chombo chenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi kwa kipimajoto na si kwa kukisia kwa kiganja, kina kisizidi unene wa mwili wake, dakika 15 au 20, ukiwa umesimama hapo. Kisha mrudishe kwenye sanduku lenye unyevu na umwache gizani. Wale wanaosema "maji ya moto" wanakosea vibaya: ngozi ya nyoka huungua kabla yeye mwenyewe hajaonyesha kuumia.

Si kila daktari wa mifugo anatibu nyoka. Marekani ipo ARAV, jumuiya ya madaktari wa reptilia na amfibia, ambayo huwasaidia wafugaji kumpata daktari wa karibu. Tafuta jina hilo leo, wakati nyoka ni mzima.

"Mwachie mayai yake ayaatamie, ni mama"

Dai hili lina huruma ndani yake, na linatokana na kitu cha kweli. Chatu wetu wa Afrika huyazungushia mayai yake mwili wake na kukaa nayo kwa wiki nyingi bila kula. Mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, alieleza jinsi chatu jike wa kusini mwa Afrika anavyotoka shimoni kuota jua, akarudi na joto hilo kwa mayai, na hata kukaa na vifaranga kwa siku kadhaa baada ya kuanguliwa. Mtu aliyekulia mahali penye habari za chatu ana haki ya kudhani nyoka wote wako hivyo.

Nyoka wa mahindi hayuko hivyo. Porini hutaga ndani ya gogo lililooza au chini ya lundo la majani yanayochacha, ambako joto na unyevu vinajitosheleza, kisha huondoka. Akiwa kizimbani hana pa kuondokea. Anaweza kujikunja juu ya mayai siku chache, ila hayapi joto lolote; anapoteza tu muda ambao angekuwa anakunywa, anapumzika na kuanza kula. Mayai nayo hukauka au huota ukungu.

Yaondoe mayai. Mwinue mama kwa mikono miwili bila papara, mweke kwenye chombo kingine chenye kifuniko, kisha osha kizimba chote na ubadilishe matandiko. Harufu ya mayai ikibaki, baadhi ya majike huendelea kuhangaika na kukataa chakula. Ikiisha, wengi hutulia siku hiyohiyo.

"Ana njaa, mpe panya mkubwa arudishe nguvu"

Njaa anayo, pengine kali kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Wengi hawakula kwa wiki tatu, nne, hata zaidi kabla ya kutaga. Na hapo hasa ndipo panya mkubwa anapokuwa hatari, kwa sababu utumbo uliokaa muda wote huo bila kazi umesinyaa. Akimeza windo kubwa anaweza kulitapika, na nyoka akitapika hupoteza maji na asidi za tumbo zinazomchukua siku nyingi kuzirudisha. Baada ya kutapika hutakiwi kumlisha tena kwa takribani siku 10 hadi 14. Kwa mnyama aliyekonda, wiki mbili hizo ni nyingi mno.

Siku ya kwanza mpe maji tu. Ya pili au ya tatu mpe panya mdogo, nusu ya ukubwa aliozoea, aliyegandishwa kisha akayeyushwa na kupashwa joto vizuri. Panya hai simshauri wakati wowote, na kwa jike aliyechoka ndiyo kabisa, kwani panya huuma. Akila na kukaa na chakula tumboni, mpe mwingine mdogo baada ya siku nne au tano. Endelea hivyo mwezi mmoja hadi miwili ukiongeza ukubwa kidogo kidogo, na kila wiki mpime kwa mizani ileile. Grafu ya uzito ndiyo daktari wako wa nyumbani: ikipanda polepole, mambo yanakwenda, ikisimama wiki tatu au ikishuka, mpeleke akachunguzwe.

Upande wa joto wa kizimba uwe nyuzi 28 hadi 30, upande wa baridi 22 hadi 24, na mkeka wa joto uwe na themostati. Nyoka asiye na joto hameng'enyi chakula, hata kikiwa kidogo namna gani. Mara nyingi pia hujivua gamba tena wiki chache baada ya kutaga; wakati huo akikataa kula mara moja usishtuke.

"Mpe maziwa, mayai ya kuku na unga wa kalisiamu"

Maziwa kwanza. Imani kwamba nyoka hunywa maziwa iko India, iko kwetu, na iko Marekani kwenyewe, ambako yupo nyoka wa jamii ya karibu na huyu, Lampropeltis triangulum, aliyepewa jina la maziwa kwa sababu wakulima walimkuta mabandani wakadhani ananyonya ng'ombe. Alikuwa anawinda panya. Nyoka hana vimeng'enyo vya kusaga sukari ya maziwa, na nyoka anayeonekana akinywa maziwa kwa kawaida ni aliyenyimwa maji hadi akanywa majimaji yoyote yaliyo mbele yake. Kumpa maziwa jike aliyekaukiwa ni kumwongezea kuharisha.

Mayai ya kuku si chakula chake cha kutegemea. Afrika tunaye nyoka anayeishi kwa mayai ya ndege pekee, wa jenasi ya Dasypeltis, mwenye mifupa maalumu kooni ya kuvunjia gamba. Wa mahindi hana kifaa hicho.

Kuhusu kalisiamu, panya mzima ana mifupa, na mifupa hiyo inatosha. Nyoka anayekula panya wazima hahitaji unga. Kama daktari ameona upungufu atamchoma sindano kwa kipimo anachokijua yeye.

"Kila yai ni uhai, lazima yote yaanguliwe"

Hapa nazungumza na watu wema, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kwanza pima. Yai lenye mbegu ni jeupe, limejaa, gamba lake ni kama ngozi laini, na mara nyingi limegandana na wenzake. Zima taa, liangazie kwa tochi ndogo kama wafanyavyo wafugaji wa kuku: ukiona mishipa myekundu, lina uhai. Likiwa la manjano tupu bila mshipa hata mmoja, halina. Usiyatenganishe yaliyogandana, na usiyageuze. Kiinitete hujishikiza kwenye ukuta wa juu mapema, na yai likipinduliwa baada ya hapo kinaweza kufa. Weka alama ya penseli juu ya kila moja kabla ya kuligusa.

Kama yana uhai na umeamua kuyatunza, chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko na matundu machache, jaza vamikulaiti iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa, yafukie nusu, na uweke joto la nyuzi 27 hadi 29 bila kupandapanda. Yataanguliwa baada ya takribani siku 60. Joto likizidi 32 unapata vifaranga wenye ulemavu au waliokufa. Jinsia haitegemei joto kwa nyoka hawa, kwa hiyo asikushawishi mtu kucheza na themostati ili upate majike.

Sasa fikiria kinachofuata. Mayai 15 ni nyoka 15, kila mmoja na chombo chake, kila mmoja akihitaji kichanga cha panya kila siku tano au saba kuanzia atakapojivua gamba la kwanza, na baadhi yao hukataa kula hadi mtu mzoefu awashawishi. Nyoka wa mahindi akitunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Wanaosema "utauza" hawajauliza bei: vifaranga wa rangi ya kawaida ni wengi sokoni kuliko wanunuzi, na chakula cha miezi ya mwanzo mara nyingi kinazidi kile utakacholipwa. Sheria nazo ziangaliwe. Katika jimbo la Georgia, ambako nyoka huyu ni wa asili, raia haruhusiwi kumfuga.

Kama huna nyumba 15 zilizo tayari, kutoyatunza mayai si ukatili. Ila fanya uamuzi siku ileile ya kwanza. Kiinitete cha nyoka kinakuwa kimeshaanza kukua yai linapotoka, na kadiri unavyochelewa ndivyo kinavyokaribia kuwa mnyama kamili. Mayai hugandishwa kwenye friza mara moja, kwa siku kadhaa, kisha hutupwa yakiwa yamefungwa. Ukatili ninaoujua ni ule wa kuyaacha kwenye rafu "tuone itakuwaje", vifaranga wakatoka nusu, wakakauka ndani ya magamba.

"Basi waachie porini, Mungu atawalisha"

Hapana. Nyoka wa mahindi aliyetoroka au kuachiliwa amekwisha kujenga makazi katika visiwa vya Cayman na Bahamas, ambako ndege na mijusi wa huko hawakumzoea. Hata ndani ya eneo lake la asili, nyoka wa kufugwa anaweza kubeba magonjwa hadi kwa wa porini. Na mahali pengine vifaranga watakufa kwa baridi, au watauawa na jirani wa kwanza atakayewaona.

"Tangu atage amekuwa mkali, na mayai yake yana sumu"

Hana sumu kabla ya kutaga, na hana baada ya kutaga. Anapiga kwa sababu ana uchovu na anajihami. Usimshike kwa wiki moja hivi isipokuwa kwa kupima uzito na kusafisha, na utaona upole ukirudi. Mayai hayana sumu pia. Kilichopo ni bakteria wa salmonela, ambao reptilia wazima huwabeba bila kuugua. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kugusa mayai, matandiko au bakuli lake, usivioshee vyombo hivyo kwenye sinki la jikoni, na watoto chini ya miaka 5 wasimshike kabisa. Mwenye mimba naye aiachie kazi hiyo mtu mwingine.

"Ameshataga, yamekwisha"

Inawezekana hayajaisha hata kwa mwaka huu. Akirudisha uzito haraka, jike wa mahindi anaweza kutaga tena baada ya miezi miwili hivi, na utagaji wa pili humkuta akiwa na akiba ndogo kuliko wa kwanza. Hiyo ni sababu nyingine ya kumnenepesha polepole badala ya kumjaza. Mwaka unaofuata, majira yaleyale, anaweza kurudia hata kama hajaona dume.

Hakuna njia ya uhakika ya kumzuia nyumbani. Unachoweza kufanya ni kumtenga na nyoka mwingine yeyote, kutomlisha kupita kiasi, na kutompitisha kwenye kipindi cha makusudi cha baridi kama wafanyavyo wanaotaka kuzalisha. Jike anayetaga mfululizo huku akidhoofika anaweza kuondolewa ovari na daktari. Ni upasuaji mkubwa, lakini upo, na ni afadhali kuuzungumzia akiwa na nguvu.

Andika tarehe ya gamba lililotangulia mayai, tarehe ya kutaga, idadi ya mayai, na uzito wake kabla na baada. Mwakani, wiki chache kabla ya tarehe hiyo, tayarisha sanduku: chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, kikubwa kiasi cha yeye kujikunja ndani, tundu moja la kuingilia, na ndani yake kuvumwani iliyolowekwa kisha ikakamuliwa hadi isichuruzike. Liweke upande wa joto mara tu atakapokataa chakula.